Miti Ambayo Mama Hakupanda

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Mteja akiniletea kitambaa akaniapia kwamba hakichuji, nakilowesha pembeni kwanza nione kama rangi itakimbia. Jirani akinisalimu mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka kuazima nini. Watoto wangu hunicheka. Wanasema hata siku ya kufa nitamwambia malaika anionyeshe kitambulisho.

Nashona nguo katika komini ya Tshopo, mjini Kisangani, karibu na mto, mahali ambapo watu wakinyamaza unasikia maji yakianguka kule kwenye bwawa la umeme. Umeme wenyewe hutupitia juu ya vichwa ukielekea kwa wakubwa. Kwangu hufika siku unayojisikia. Kwa hiyo cherehani yangu ni ya miguu na pasi yangu ni ya makaa, na nimezoea kunyoosha nguo za harusi huku nikipuliza majivu yasiruke kwenye shela. Mtu aliyeishi hivyo miaka yote, jirani wa bwawa mwenye pasi ya makaa, haamini haraka akiambiwa kitu fulani kimeletwa kwa ajili yake.

Tena kulikuwa na habari ya majiko. Miaka kadhaa kabla ya haya ninayosimulia, shirika moja lilitupa wanawake wa mtaa wetu mbabula za udongo, yaani majiko ya makaa, tukaambiwa kwamba zinakula makaa kidogo na kuokoa msitu. Kila mmoja alipigwa picha akikumbatia la kwake. Langu lilipasuka wiki ileile, nikaanza kumlaza ndani yake kuku wa kutaga. Mwaka uliofuata nilikwenda kwenye ofisi moja katikati ya mji kupeleka sare nilizoshona, nikakuta uso wangu ukutani, kwenye kalenda, nikicheka meno yote nje. Chini yake palikuwa na maandishi kwamba maisha yangu yamebadilika. Nilisimama pale na mfuko wa sare mkononi, nikaona hasira inanipanda mpaka masikioni. Maisha yangu yalibadilika lini na mimi sikuitwa?

Basi mama mhamasishaji wa parokia alipokuja kwenye cherehani yangu akasema kuna wageni wanakwenda Yanonge kuzungumza na wanawake juu ya miti, na wanahitaji mtu wa kuwatafsiria kutoka Kifaransa, nilijibu kwamba sitaki. Halafu nikajiuliza. Yanonge ndiko anakoishi mama yangu. Nikikataa, atakwenda mwingine, atawatafsiria wageni vizuri, na wazee wetu watameza kila kitu bila kutafuna. Nikafunika cherehani na kitambaa chake, nikamwambia nakwenda. Sikwenda kuwasaidia wale wageni. Nilikwenda kuwachunga.

Tulivuka mto mpaka Lubunga, kisha pikipiki, matope mpaka magotini. Kiongozi wa wageni alikuwa mwanamke mwenye mvi, mrefu, ambaye pikipiki ilipokwama alishuka mwenyewe akasukuma. Hilo nalo nililishuku. Nilijiambia anayesukuma pikipiki mbele ya watu anataka waone anasukuma.

Mkutano ulifanyika ndani ya kanisa, viti vikiwa haba, wanawake wengine wamekaa juu ya ndoo zao. Yule mwanamke mwenye mvi alieleza polepole, nami nikatafsiri. Alisema kuna familia moja tajiri, nchi ya mbali, iliyotenga sehemu ya mali yake iwe mfuko wa kusaidia dunia isizidi kupata joto. Na ile familia inataka msaada uwafikie kwanza wale ambao siku zote hupitwa: wajane, wanawake walioolewa kutoka mbali, watu wasio na ardhi ya ukoo. Kila mwanamke aliyelima mahali pamoja kwa misimu mitatu atapewa miche ya safu, ule mti wa matunda tunayochemsha na kula, ya avokado na ya kakao, aipande kati ya mihogo yake au kwenye kipande kinachopumzika. Shamba litapimwa kwa simu. Halafu wazee wa ukoo watatia sahihi mbele ya watu wote kwamba aliyepanda ni fulani, na miti ni yake.

"Juu ya nini?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka nyuma, yaani kwa nini. "Batapata nini?"

Nilipomfikishia swali, mwenye mvi alisema miti itasafisha hewa, na hewa ni ya wote. Kanisa zima likacheka. Tajiri anatoa mali yake kwa ajili ya hewa ya Yanonge! Mimi sikucheka. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akitusimulia habari alizozipokea kwa wakubwa wake, za watu waliokuja kutafuta utomvu wa mti tu, kitu kidogo, na namna kijiji kilivyobaki baada ya hicho kitu kidogo. Nikaona sasa wamefika kwenye hewa. Wakimaliza hewa watatuomba kivuli.

Ndipo aliposimama tonton. Huyu ni ndugu mdogo wa marehemu papa, baba yangu, na tangu papa afariki yeye ndiye mkubwa wa nyumba yetu kule. Ana sauti nzuri, na anajua kuitumia.

"Madame, bon, tunashukuru kwa miti," alisema. "Lakini mutu akikupatia mbuzi, unatafuta kwanza kamba iko mu mukono ya nani. Njo naulizaka: kamba iko wapi?"

Watu walipiga makofi. Nilitafsiri kwa raha, nikaongeza na ukali kidogo wa kwangu. Mwenye mvi akajibu kwamba hakuna kamba. Tonton akacheka, akageukia watu. "Mumesikia? Mbuzi ya bila kamba." Akaketi.

Nilijivunia mno siku ile. Kati ya watu wote waliokuwa ndani ya kanisa, wageni, padri, mhamasishaji, hata wale wanawake waliokuwa wanauliza maswali kwa woga, nilimshuku kila mmoja kwa kiasi chake. Tonton sikumshuku. Alikuwa akisema maneno yaliyo moyoni mwangu, tena kwa ufasaha kuliko mimi.

Tulipotoka alinishika mkono. "We njo ulisoma," akaniambia, yaani mimi ndiye msomi. "Chunga mama yako. Mi nikimuambia, atafikiri nataka kumunyima. Ye anakusikiaka we. Asitie kidole kwa karatasi ya bale batu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Sasa nieleze habari ya mama, maana bila hiyo hutaelewa kilichofuata. Mama si mtu wa Yanonge. Alizaliwa Yahuma, mbali upande wa magharibi, akaletwa na ndoa. Walizaa watoto wanne na mimi peke yangu nikabaki. Papa alipofariki, ukoo wake ulimwachia mama aendelee kulima pale alipokuwa akilima, vipande vitatu: kimoja cha mihogo, kimoja cha mpunga, na kimoja kinachopumzika, na kila baada ya muda anavizungusha. Walimwachia kwa wema. Udongo ni wao.

Na kuna sheria yake, ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua. Anayelima kwenye udongo wa wengine anapanda vitu vinavyokwisha. Mpunga unavunwa, mihogo inang'olewa, karanga, mahindi, vyote vina siku yao ya kuondoka. Haruhusiwi kupanda kitu kitakachobaki. Mchikichi, safu, kahawa, kakao, hapana. Maana ukipanda mti na ukoo ukanyamaza, udongo ule umekuwa wako. Hata wakija wakuu wangapi wa serikali na karatasi zao, wazee watauliza swali moja tu: mti huu nani aliupanda? Ndiyo sababu mama, katika miaka yote niliyomjua, hakuwahi kuwa na hata mti mmoja. Safu tulikuwa tunanunua. Ukitema kokwa shambani mwake ikaota, alikuwa akiing'oa haraka kabla mtu hajapita akaiona.

Nilimkuta anatwanga ndizi za lituma, zile za kuchemsha na kuponda. Nilikaa kwenye kigoda, nikaanza kumpa onyo langu.

"Miti yenyewe," akaniuliza huku anatwanga, "ni safu ya kweli? Ile inazaaka?"

"Ni safu, mama, lakini sikia—"

"Na bazee batatia sahihi mbele ya batu?"

"Njo banasema. Lakini mama, karatasi ni karatasi. Leo unatia kidole kwa safu, kesho banakuambia ulitia kidole kwa kuuza shamba. Banapima udongo na téléphone. Unapima kitu ya kupatia mutu ao unapima kitu ya kubeba?"

Mchi ukasimama kidogo, ukaendelea.

"Na tena udongo si yetu," nikasema. "Ukipanda miti, watu ya papa batakasirika. Batakufukuza. Tonton mwenyewe ameniambia."

"Tonton yako amesema vile?"

"Amesema nikuchunge."

Mama alitazama ndani ya kinu muda mrefu. Nilidhani anaangalia kama ndizi zimelainika. Leo najua alikuwa anafikiri, na kama ningenyamaza pale, dakika moja tu, angesema. Lakini mimi sikunyamaza. Nilimsimulia habari za kalenda, za jiko lililopasuka, za bibi na utomvu. Niliongea mpaka chakula kikaiva. Mwishowe akasema, "Bon, we njo unajua mambo ya mu ville," akanipakulia.

Nilirudi Kisangani nimeridhika kama mtu aliyefunga mlango vizuri kabla ya mvua.

Miche ilifika siku chache baadaye, mwanzo wa mvua kubwa. Mhamasishaji aliniambia wanawake wengi wameandikwa, na kwamba kuna mmoja tu aliyejitoa siku ya mwisho, akamtaja mama. Alisema amehuzunika, kwa kuwa mama ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuuliza maswali alipopita mara ya kwanza kuwaandikisha, kabla mimi sijafika. Nikamjibu kwamba mama ana akili zake. Akanitazama. Nikamshuku yeye pia. Nikadhani kila jina analoandika anapata chake.

Niseme ukweli, nilikuwa nasubiri wageni waharibikiwe. Kila mteja wa kutoka upande wa Yanonge nilimuuliza, je, wameshachukua mashamba? Bado. Wamewatoza watu? Bado. Miti imekufa? Hapana, inaota. Nilikuwa nachukia kusikia kwamba inaota. Nikajiambia mtego mzuri hauonekani haraka.

Mwaka ukapita. Wageni walitaka watu wa kuzunguka mashamba yote kuona miche iliyo hai, nami nikaitwa tena kutafsiri. Tulikwenda shamba kwa shamba, kijana wa shirika akishika simu, mhamasishaji akisoma jina. Wanawake walikuwa wakitupokea kwa vigelegele. Mjane mmoja, mwenye jicho moja, alinishika mkono akanipeleka kwenye kila mti wake, akiugusa na kuusalimia. "Huyu ni wa kwangu," alisema. "Na huyu. Na huyu." Nikatabasamu kwa meno tu.

Baada ya hapo tukashika njia ambayo miguu yangu iliijua kabla sijaijua mimi. Niliona kichuguu kikubwa, kile ambacho mama hukalia akipumzika, amekilainisha kwa kukikalia miaka yote. Hapo ndipo penye kile kipande chake kinachopumzika. Kilikuwa kimefyekwa. Miche ya safu ilikuwa imesimama mistari minane, imenyooka, imefika kiunoni, majani yanang'aa kwa mvua, na kakao kati yake.

"Ya nani?" niliuliza.

Mhamasishaji akasoma. Lilikuwa jina la mke mdogo wa tonton.

Nilimwomba asome tena. Akasoma tena. Kijana wa simu alisema kila kitu kiko sawa, vipimo vinalingana, wazee wametia sahihi. Mimi ndiye niliyekuwa nimekuja kuwachunga wageni, na wageni walikuwa hawajachukua hata jani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ni fundi wa nguo, sikuitazama hata mshono.

Niliwaacha pale nikaenda kwa tonton. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, anakula makemba, ndizi za kuchoma. Alinikaribisha vizuri.

"Tonton, ile shamba iko ya mama."

"Ilikuwa inalala," akasema.

"Inapumzika! Kila mutu anajua inapumzika."

"Sikia, mama." Kwetu mkubwa humwita binti hivyo kwa kumbembeleza. "Mama yako alikataa miti. Tulimuuliza mbele ya batu bote, akasema mutoto yake amekataza. Wazee bakasema, basi ye hana nia ya kubakia. Alors, miti tungepanda wapi? Juu ya maji? Bo banatafuta shamba yenye haina kitu ndani. Na pale mashimo ilikuwa tayari."

"Mashimo gani?"

Alishangaa kwamba sijui. "Si mama yako alichimba? Juma mbili mbele ya miche kufika. Ye mwenyewe, na jembe yake. Siye tulitia tu miti."

Akaendelea kwa upole, na huo upole ndio ninaousikia mpaka leo. "Tena we njo ulisema mindele, bale bazungu, bataiba udongo. Mi nimechunga udongo ya kaka yangu. Mutu ya inje hawezi tena kuugusa. Unanikasirikia juu ya nini?"

Hata sasa siwezi kuapa kama alipanga tangu ile siku ya kanisani, aliposimama na mbuzi wake wa bila kamba, au kama nafasi ilijifungua mbele yake akapita. Nimemgeuza kichwani kila upande. Siku nyingine namwona mwizi. Siku nyingine namwona mtu aliyeokota kilichoangushwa na mjinga, na mjinga ni mimi.

Nilitaka kesi, nikapata kesi. Wazee walikaa asubuhi, chini ya paa la makuti la mkuu wa kijiji, wakanisikiliza kwa heshima yote. Nilisema kwa ukali, nilisema vizuri, Kiswahili na Lingala na hata Kifaransa palipohitajika. Walipomaliza kusikiliza waliuliza swali lao moja. Mti huu nani aliupanda? Ikajibiwa. Mashimo hayahesabiwi. Shimo hata panya anachimba. Waliamua kwamba mama atavuna mihogo na mpunga ulioko, na vikiisha, kwa kuwa kipande cha kupumzikia hakipo tena na viwili haviwezi kuzungushwa, atatafutiwa mahali pengine. Wapi, hawakusema.

Mama alikuwepo. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri.

Njiani kurudi nyumbani kwake nilimwambia, "Mama, kwa nini haukuniambia ulichimba mashimo?"

"Ulikuwa unasema," akajibu.

Nikamwomba aje tukae naye Tshopo. Nikamwambia nina chumba. Akaniuliza nyuma ya nyumba kuna udongo kiasi gani, nikamwonyesha kwa mikono, akacheka kidogo. "Pale mutu anapanda nini? Mulenda moja?" Akasema angali na nguvu, mihogo bado iko chini, tuone kwanza. Nilitaka anigombeze. Kama angenitukana ningelia, ningepiga magoti, yangekwisha. Alinifungia samaki wa kukausha kwenye majani nikaondoka nao, na aibu yangu nayo nzima nzima.

Nilikwenda kwa mhamasishaji mara tatu. Orodha ilikuwa imefungwa. Alisema angejaribu, na nadhani alijaribu kweli. Alinikumbusha, bila ubaya, kwamba ule utaratibu wa sahihi za wazee ni yeye aliyeupendekeza kwa wageni. Yeye ni binti wa mjane. Alijua kwamba ukoo hautamwachia mwanamke mgeni apande mti hivihivi, lakini mbele ya msaada na mbele ya watu wangeona haya kukataa. Ilikuwa ni upenyo mmoja, alisema, kwa msimu mmoja. Hiyo ndiyo kamba tonton aliyokuwa akiitafuta kanisani, na ilikuwa imefungwa upande wa wanawake. Nami kwa ujuaji wangu wa mjini, ambako kinachoogopwa ni karatasi, nilisahau kwamba kule kwetu kinachoogopwa ni mti.

Miezi kadhaa baadaye yule mwanamke mwenye mvi alirudi. Mkutano ukawa kanisani, wanawake wengi, safari hii nyimbo na ngoma, mabakuli ya matunda mezani. Mimi nikiwa mtafsiri kama kawaida. Wanawake walisimama mmoja mmoja wakashukuru. Yule mjane wa jicho moja aliongea mpaka akalia. Mwenye mvi aliandika kidogo, kisha akaweka kalamu chini.

"Nimefurahi," aliniambia niwaambie. "Lakini sikutoka mbali hivi kuja kusikia shukrani tu. Ningependa kumsikia aliyekataa. Tulikosea wapi? Kuna mtu hapa aliyekataa?"

Nilitafsiri. Wazo langu la kwanza, naona aibu kulisema, lilikuwa kwamba huu ni mtego. Anataka majina. La pili, nikatamani mama awe ameketi nyuma sana.

Alikuwa mstari wa tatu. Akasimama. Tonton, aliyekuwa kwenye benchi la wazee, akakunja mikono kifuani.

"Ni mimi," mama alisema. Aliongea akimtazama yule mwanamke, hakunitazama mimi. "Mi sikukataa, madame. Mi nilitaka ile miti sana. Tangu niolewe mi sijapanda kitu yenye itanipita. Nilichimba na mashimo. Mutoto yangu njo alikataza, na mi nikamusikia juu ye alisoma, na ananipenda. Nyinyi hamukukosa kitu. Mi nilikuwa nataka tu mutoto yangu aniulize mbele: mama, we unataka nini?"

Waliomwelewa waliinamisha vichwa. Mwenye mvi, ambaye hakuelewa hata neno, alichukua kalamu yake akanigeukia. Alikuwa na macho ya mtu anayesikiliza kweli. Nilikuwa nimemtafutia ubaya kwa karibu miaka miwili na sikuupata, na sasa alikuwa akingoja maneno kutoka kwangu, hana njia nyingine ya kuyapata.

Nilisafisha koo.

"Anasema," nikamwambia kwa Kifaransa changu kizuri, "kwamba miche ilichelewa kufika, mvua ilikuwa imeshatangulia."

Akaandika. Akamshukuru mama kwa kichwa, akasema ni jambo la maana, kwamba msimu ujao litarekebishwa.

Mama alinigeukia. "Umemuambia yote?"

"Yote, mama," nikasema.

Akaniamini, akaketi.